Mlituandikia "Epuka Jua", Hamkutuonyesha Kivuli

Shauri Moyo, Nairobi
10 Mei, Siku ya Lupus Duniani

Kwa: Idara ya Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi
Nakala: Walimu wakuu wa shule za Kamukunji, wenye maduka ya dawa wa Burma na Gikomba, mafundi wa Jua Kali

KUH: KIVULI NI DAWA

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miaka kumi na mitatu nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya ploti moja hapa Shauri Moyo, nikishona sare za shule, nikipunguza suruali za mitumba zinazotoka Gikomba, nikitia zipu mpya kwenye mikoba ya akina mama wa soko la Burma. Baraza niliichagua kwa sababu ya mwanga. Anayepitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi anahitaji jua kuliko stima, na jua halidai tokeni. Leo nina lupus, na mwanga ule ule ulionilisha ndio unaoniumiza.

Ninawaandikia kwa sababu ya maneno mawili. Siku niliyotajiwa jina la ugonjwa wangu, mhudumu aliandika kwenye kadi yangu ya kliniki: Epuka jua. Akanipa dawa, akaita anayefuata. Sikuwa na la kubisha, maana ushauri wenyewe ni wa kweli na nimeujua ukweli wake kwa mwili wangu. Lakini nilipotoka nje nilisimama getini, saa saba mchana, nikiitazama njia ya kurudi nyumbani. Steji ya matatu haikuwa na paa. Barabara haikuwa na mti. Na kazi yangu ilikuwa barazani. Nikajiuliza: dawa hii niliyoandikiwa inauzwa duka gani?

Naomba kwanza nieleze jua linafanya nini ndani ya ngozi ya mtu mwenye lupus, kwa sababu wengi wanaotuhukumu hawajui. Kisha nitaomba mambo machache ambayo, kama mtakavyoona, si mageni hata kidogo kwa serikali ya nchi hii.

Jumamosi moja ya Februari tulimzika shangazi yangu ushago. Nilikaa uwanjani tangu saa nne asubuhi hadi jeneza liliposhuka saa tisa, kitambaa kidogo kichwani, mikono wazi. Usiku ule sikuona kitu. Jumapili sikuona kitu. Siku ya kumi na moja mashavu yalianza kuwasha, kisha yakavimba kama yaliyomwagikiwa maji moto, alama ikipanda juu ya pua kutoka shavu hadi shavu kwa umbo la kipepeo. Mazishi nilikuwa nimeshayasahau. Nikalaumu sabuni mpya. Nikalaumu omena. Nikalaumu vumbi la mitumba, nikakataa kazi za mitumba wiki tatu nzima, nikakosa kodi ya nyumba.

Miaka miwili ilipita kabla daktari wa ngozi hajanifungua macho. Mtu wa kawaida akibabuliwa na jua huona siku hiyo hiyo. Kwetu sisi jeraha linaweza kutokea baada ya siku kadhaa, hata wiki tatu, na likishatokea linaweza kukaa miezi. Ndivyo walivyoona watafiti waliomulika ngozi za wagonjwa kwa taa maalumu na kusubiri. Kwa hiyo wengi wetu hatulishuku jua kamwe. Mwizi ameshavuka mtaa wa tatu ndipo tunapopiga mayowe, na anayekamatwa ni mpita njia.

Majirani nao walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ni mkorogo: nimejichubua nikitafuta weupe, sasa ngozi inalipiza. Mwingine alisema nimerogwa na fundi mwenzangu. Nywele zilipoanza kukatika na uzito kupungua, wa tatu hakusema lolote. Aliacha tu kunywa chai kwenye vikombe vyangu. Duka moja la dawa liliniuzia Septrin kwa sababu nilikuwa na homa. Aliyeniuzia hakujua, nami sikujua, kwamba dawa za jamii ya salfa zinaweza kuamsha lupus na kuifanya ngozi ishindwe zaidi kulistahimili jua. Wiki hiyo vidole vilivimba hata mkasi ukanishinda kuushika. Nilipita vituo vitano kabla damu yangu haijapimwa kile kilichostahili kupimwa.

Lupus ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenye mwili. Hauambukizi. Si saratani, wala si Ukimwi. Kati ya kila watu kumi wanaougua, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa, na tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanawake weusi huupata zaidi na huumizwa nao zaidi kuliko weupe. Hata hivyo, kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba ni nadra Afrika. Madaktari wetu, akiwemo Profesa Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wameandika kuhusu wagonjwa wa hapa hapa jijini. Wagonjwa walikuwepo, macho ya kuwatambua ndiyo yalikuwa machache.

Sasa, jua. Mwanga tunaouona ni zile rangi za upinde wa mvua, na rangi ya ukingoni kabisa ni urujuani. Baada ya ukingo huo kuna mwanga ambao jicho haliuoni; wataalamu wanauita urujuanimno. Una aina tatu. Aina ya C ndiyo kali kuliko zote, lakini anga huizuia isitufikie. Aina ya B hupiga tabaka la juu la ngozi, na ndiyo inayobabua. Aina ya A huzama ndani zaidi bila mtu kuhisi kuungua, hupita kwenye wingu na kwenye kioo cha dirisha, nayo ndiyo takriban asilimia 95 ya urujuanimno unaofika chini tulipo.

Urujuanimno ukiipiga ngozi, baadhi ya seli hufa. Hufa kwa kila binadamu, na mwili una wazoa taka wake wa kuziondoa kimyakimya. Kwa mtu mwenye lupus taka hizo hazizolewi upesi. Seli inayokufa husukuma nje vitu vilivyopaswa kubaki kwenye kiini chake, na kinga ya mwili ikiviona nje hudhani adui ameingia. Kingamwili huvishika. Seli hupiga king'ora cha kemikali kiitwacho intaferoni. King'ora huita askari, askari huua seli zaidi, taka huongezeka, king'ora hulia tena.

Mnisamehe kwa mfano huu, maana askari ni wenu. Ni kama kanjo, askari wa kaunti, walioitwa Gikomba kumwondoa mchuuzi mmoja. Wanashuka kwenye lori, wanapindua meza zote, ya mwenye leseni na ya asiye nayo, na makelele ya waliopinduliwa yanawaita kanjo wengine. Jua halikumgusa mtu. Jua lilipiga simu tu.

Na ghasia hiyo haibaki usoni. Baada ya siku ya jua mgonjwa anaweza kushikwa na homa, uchovu wa kumlaza kitandani, maumivu ya viungo. Na ugonjwa ulioamka waweza kushika hata figo. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "huyu anaogopa jua asiwe mweusi," hunyamaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kuna imani kwamba Mwafrika hahitaji kinga ya jua, kwamba Mungu alishampaka yake tumboni mwa mama. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Utafiti wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya kiwango cha 13 hivi dhidi ya urujuanimno B, huku la ngozi nyeupe likiwa na 3 hivi. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imetulia, hiyo ni akiba kubwa. Lakini lupus haingoji ngozi iungue. Kile kidogo kinachopenya kinatosha kupiga ile simu.

Tena rangi yetu huuficha ugonjwa. Picha nyingi za vitabu zinaonyesha shavu jeupe lenye wekundu kama nyanya. Kwangu wekundu haukuonekana. Palikuwa na zambarau iliyokaribia weusi, halafu kahawia, halafu madoa yaliyobaki baada ya uvimbe kuondoka. Mhudumu anayetafuta wekundu angenitazama siku nzima asione kitu. Ipo aina nyingine, diskoidi, inayoleta mabaka ya mviringo yenye magamba. Yakipona huacha kovu jeupe katikati na jeusi ukingoni, na yakiwa kichwani, nywele za mahali pale hazirudi. Mwanamuziki Seal wa Uingereza, mwenye asili ya Nigeria, ana makovu hayo mashavuni, na wapo waliodhani ni chale za ukoo.

Sasa tuje mtaani kwetu. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kila mtu apandapo mita 1,000, urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuuchuja imepungua. Ubaridi wetu ndio unaotulaghai. Mtu wa Mombasa hukimbilia chini ya mwembe kwa sababu joto limemfukuza. Sisi tunakaa nje saa saba mchana tumevaa sweta, tukidhani jua halipo. Kipimo cha urujuanimno kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kinamtaka mtu ajikinge kuanzia 3, na kuanzia 11 kinahesabu kuwa hatari imepita kiasi. Nairobi, miezi jua linapokuwa la utosini, huvuka 11. Hata Julai ya mawingu haituokoi, kwa kuwa wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno.

Na riziki yetu inaitwaje? Jua Kali. Mafundi wa Kamukunji, hatua chache kutoka kwangu, waliitwa hivyo kwa sababu walifua sufuria, karai na masanduku ya shule bila paa juu ya vichwa vyao. Jina hilo limeenea nchi nzima, likaingia hata kwenye sera ya serikali, ule Waraka Na. 2 wa mwaka 1992. Tunajivunia jina hilo, nami najihesabu ndani yake. Lakini tazameni tulichokifanya: tuliupa uchumi wetu jina la kile kinachoumiza, na baada ya hapo kuumia kukaonekana ni sehemu ya kazi. Anayelalamikia jua mtaani kwetu huonekana anakataa kazi.

Kisha kuna jua la pili, hili lisilotua. Fundi wa kuchomelea anapogusisha chuma na ule mwanga wa buluu ukaruka, hutoka urujuanimno wa aina zote tatu, hata ile C ambayo anga hutukingia. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka urujuanimno wa kuchomelea kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fundi ana miwani au ngao. Mchuuzi wa mahindi aliye kando yake hana, na mtoto anayepita kwenda dukani hana. Mimi nilikuwa na fundi mmoja hatua nne kutoka cherehani yangu, upande wa kulia, akitengeneza mageti tangu asubuhi hadi jioni, kuwe na jua au mvua.

Nilipoambiwa niepuke jua, nilifanya ambalo mtu yeyote angelifanya: niliingia ndani. Nikaweka cherehani dirishani, kwa kuwa macho ya fundi yanataka mwanga. Miezi miwili baadaye shavu la kulia lilikuwa limepoa, na la kushoto, lililoelekea kioo, lilikuwa na baka jipya. Kioo kilizuia B na kuachia A. Hakuna aliyeniambia hilo pale kliniki, kwa sababu kwenye kadi palikuwa na nafasi ya maneno mawili tu. Sasa nimeshona pazia zito, na ninafanya kazi kwa taa ya LED ambayo haitoi urujuanimno wa kuhesabika. Mwanga niliokuwa nikipewa bure naununua kwa tokeni.

Hapa ndipo ufundi wangu uliponifaa kuliko kadi. Chukueni kitambaa, mkiinue mbele ya taa. Mkiona mwanga unapenya kwenye vitundu vya mfumo wake, jueni urujuanimno nao unapenya. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba huzuia kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ikilowa jasho kinga yake hupungua zaidi. Jinzi huzuia karibu wote. Rangi nzito hushinda nyeupe, mfumo uliobana hushinda uliolegea, na kitambaa kilichovutika kwa uchakavu kimeshamaliza kazi yake. Mama wa Majengo aliyejitanda buibui anapita sokoni na kinga ambayo mimi nilitafuta kwa miaka miwili. Na Gikomba, marobota yanapofunguliwa alfajiri, shati zito la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana hupatikana kwa bei ya sahani mbili za chakula. Anayejifunika hivyo huweza kupungukiwa na vitamini D, kwa hiyo amwombe daktari ampime. Samaki, mayai na vidonge hufidia.

Krimu ya kukinga jua nayo niliipigia hesabu kama ninavyopiga hesabu ya kitambaa. Ili ifanye kazi iliyoandikwa kwenye kichupa, lazima ipakwe kwa wingi: kijiko kimoja cha chai uso na shingo, na kimoja kwa kila mkono. Vijiko vitatu ni mililita 15. Irudiwe kila baada ya saa mbili. Kichupa cha mililita 50 kinatosha kupaka mara tatu, yaani siku moja ya kazi. Nilichokiona mimi, chenye SPF 50 na kinachozuia A na B, kiliuzwa zaidi ya shilingi elfu moja. Kuna siku ambazo sishoni nguo za elfu moja. Ndiyo maana nasema nguo na kivuli vitangulie, krimu ibaki kwa sehemu zisizofunikika. Lakini usoni na mikononi hakuna mbadala, na kichupa kile nilikikuta kwenye rafu ya vipodozi, kando ya rangi za mdomo. Aliyekipanga hapo alisema yote bila kufungua kinywa.

Waheshimiwa, nimetangulia kusema kwamba ombi langu si geni. Serikali yetu imeshakubali kwamba krimu ile si kipodozi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni ya kukinga jua bila malipo kupitia hospitali za umma. Haukuanguka kutoka mbinguni. Uliombwa na kupiganiwa na wenye ualbino wenyewe, akiwemo Isaac Mwaura, aliyeingia Bungeni mwaka 2013. Kwa jirani zetu Tanzania, kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC kilikuwa chimbuko la losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Siombi hata tone moja la fungu lao lipunguzwe. Naomba tu mfereji uliokwisha kuchimbwa uongezewe tawi.

Serikali imeshakubali pia kwamba kivuli ni wajibu wake. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, akawakuta juani, akaagiza wajengewe mabanda. Wazee wa hapa bado wanayaita mabanda ya Nyayo. Wakati ule hakuna aliyesema paa ni anasa. Ilionekana wazi kwamba mtu hawezi kufua chuma na huku jua linamfua yeye.

Kwa hiyo naomba haya.

(a) Krimu itoke kwenye rafu ya vipodozi. Afya ni kazi ya kaunti tangu mwaka 2013, na ninyi ndio mnaoagiza dawa za zahanati zetu. Ongezeni krimu ya kukinga jua kwenye maagizo hayo, itolewe kwa cheti cha daktari kwa mwenye lupus kama inavyotolewa dawa ya sukari kwa mwenye kisukari. Pamoja nayo, haidroksiklorokwini isipungue. Hiyo ni binamu wa klorokwini tuliyoijua kwa malaria hadi serikali ilipoacha kuitegemea mwaka 1998. Dawa za ukoo huo zimewasaidia wenye lupus kwa zaidi ya karne: daktari Payne wa London alitumia kwinini mwaka 1894. Mwaka 2020, dunia ilipoifuata mbio haidroksiklorokwini ikidhani inatibu korona, wenye lupus katika nchi nyingi walifika maduka ya dawa wakakuta rafu tupu. Na kwa kuwa ikitumiwa miaka mingi huweza kugusa macho, kipimo cha macho kiende pamoja nayo. Fundi asiyeona hana kazi.

(b) Wahamasishaji wa afya ya jamii wafundishwe kuitambua lupus. Mwaka 2023 taifa liliwapa takriban wahamasishaji 100,000 mikoba na simu, wapite nyumba kwa nyumba. Waongezewe ukurasa mmoja wenye picha za ngozi nyeusi, si mashavu ya watu wa Ulaya, na maswali matatu: Je, alama hizi zilikuja wiki moja au tatu baada ya kukaa juani? Je, viungo vinauma? Je, nywele zinakatika? Wajue pia kwamba mtoto aliyezaliwa na mama mwenye lupus anaweza kutokwa na mabaka akianikwa jua la asubuhi kama tulivyozoea kuwaanika watoto wachanga. Mama huyo aelekezwe kwa daktari kabla ya kuambiwa "mtoe mtoto aote jua."

(c) Foleni za kliniki ziwe chini ya paa, na wenye lupus wapewe saa za mapema asubuhi. Haiingii akilini mtu aje kutibiwa madhara ya jua kwa kusimama juani kuanzia saa nne hadi saa nane.

(d) Mtaa uchorwe na kivuli chake. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliobomolewa Pangani ya kale, na sasa inajengwa upya kwa maghorofa ya nyumba za bei nafuu. Kila mchoro huwa na maegesho ya magari. Uwe na miti pia, na paa kwenye kila steji, na veranda pana upande wa magharibi ambako jua la alasiri hutupiga.

Kwa walimu wakuu ombi langu ni dogo, na mimi ndiye ninayewashonea sare, kwa hiyo najua linawezekana: mwanafunzi mwenye lupus aruhusiwe mikono mirefu na kofia hata kama havimo kwenye orodha ya sare, na asisimamishwe gwaride saa sita. Msimwite mvivu akikaa darasani wakati wa michezo. Mchezo wa saa kumi na moja jioni anauweza.

Kwa wenye maduka ya dawa: kabla ya kumpa mtu Septrin kwa sababu ana homa, mwulizeni kama ngozi yake huchafuka akikaa juani. Swali hilo halichukui dakika.

Na kwa mafundi wenzangu wa Jua Kali, nina kisa badala ya ombi. Yule jirani yangu wa mageti nilimweleza habari hizi mchana mmoja akiwa anakula chapati na maharagwe. Hakuniomba cheti cha daktari. Alitafuna, akatazama juu, akauliza, "Mathe, hilo jua lako saa nane huwa limesimama wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua bati lililobaki kwenye kazi ya geti, akalipaka rangi nyeusi lisimeremete, akaligongomea mbao mbili na kulisimamisha kati ya moto wake na mlango wangu, kidogo upande wa magharibi. Ilimchukua nusu saa.

Bati hilo bado liko. Saa nane mchana kivuli chake hufika hadi kwenye kizingiti changu, na kinazidi kurefuka kadiri jua linavyoshuka. Watoto wa shule wakipita husimama hapo wakila mabuyu, mama mboga husogeza sukuma wiki yake isinyauke, na msukuma mkokoteni huegesha kidogo apanguse jasho. Hakuna hata mmoja wao anayejua kiliwekwa kwa ajili ya ugonjwa gani, na sijaona haja ya kuwaambia.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Fundi wa nguo,
Shauri Moyo